Nilimwambia "maziwa ni maziwa", mtoto akalazwa: yaliyonikuta na Riziki hapa Brussels

Tarehe 14 mwezi wa pili mwaka huu nilimpoteza mdogo wangu Zawadi. Alifia Korogwe asubuhi, akazikwa siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Mimi nilikuwa Brussels, kituo cha basi, simu mkononi, na kibali changu cha kuishi kilikuwa ofisini kinafanywa upya. Sikuweza kusafiri.

Wakuu, habari za humu ndani. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuanzisha uzi. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia. Nimebadilisha majina tu. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na pale nilipokosea nitasema nimekosea mimi.

Msikimbie kwa huo mwanzo. Uzi huu una furaha nyingi, nyingine nikiikumbuka kwenye basi nacheka peke yangu hadi watu wanahama kiti.

Nianze na Zawadi kidogo.

Zawadi alizaliwa na ulemavu wa akili. Nyumbani hatukuwa na jina hilo. Sisi tulisema "Zawadi ni mzito", majirani walisema maneno mabaya kuliko hayo. Hakujua kusoma, na kuhesabu kulimwishia kwenye tano. Lakini kuku wote wa mtaa alijua ni wa nani, na hakuwahi kukosea.

Alipofika miaka ishirini na mbili alizaa mtoto wa kike, Mwanaidi. Baba wa mtoto hakuonekana tena. Arobaini ilipopita, wazee wakakaa mkekani kuamua mtoto alelewe na nani.

Baba akaniuliza mbele ya wote, "Saumu, wewe unalala naye chumba kimoja. Kuna chochote anachokiweza kwa huyu mtoto?"

Wakuu, kilikuwepo. Nilimwona kwa macho yangu, mara mbili, kina mama wakiwa wameondoka, akimwogesha Mwanaidi. Anapima maji kwa kiwiko. Anamshika shingo. Anamsafisha nyuma ya masikio kwa kidole kimoja, taratibu, huku anamwimbia kitu alichotunga mwenyewe. Wala hakufundishwa.

Nikaangalia mkeka. Nikasema, "Mimi sijui, baba."

Kesho yake Mwanaidi akapelekwa Handeni kwa shangazi. Amekua akimwita mama yake mzazi "dada Zawadi". Sasa ana miaka kumi na tisa.

Hilo nimelibeba muda mrefu. Sasa niwaeleze kwa nini limetoka mwaka huu.

Huku nilikuja kama dada wa kazi kwenye familia ya mwanadiplomasia. Walipoondoka mimi nikabaki, kihalali, hiyo ni stori nyingine. Nikasoma kozi ya kusaidia familia majumbani, nikaajiriwa na shirika dogo linalosaidia wazazi wenye ulemavu wa akili.

Ndiyo, kuna kazi kama hiyo. Unakwenda nyumbani kwa mzazi asubuhi, unakaa naye, anajifunza kumlea mwanawe mwenyewe, halafu unarudi kwako.

Boss wangu anaitwa Annick, mama wa Kibelgiji mwenye nywele fupi na sauti ya mwalimu mkuu. Siku ya kwanza alinipa kanuni mbili.

Ya kwanza: mikono nyuma. Ukishamwonyesha mzazi kitu mara moja, unarudisha mikono nyuma ya mgongo, afanye yeye. Hata akichelewa. Hata akimwaga.

Ya pili: picha ukutani. Kila kazi ina picha zake, hatua kwa hatua, zimepigwa ndani ya nyumba hiyohiyo kwa vyombo hivyohivyo. Ukileta kitu kipya, hata kama ni sabuni, mnapiga picha mpya pamoja na mzazi na kubandua ile ya zamani. Kabla hakijatumika.

Kanuni ya kwanza ilinitesa sana. Sisi tumelelewa kwamba ukiingia kwa mwenye mtoto mchanga unapokea mtoto, unapokea ufagio, unapokea sufuria, mwenyewe akae. Mimi nisimame kama askari wa gwaride na mtoto analia! Wiki ya kwanza nilikuwa najishika vidole kwa nguvu hadi kucha zinaniumiza.

Ya pili niliiona rahisi. Hiyo rahisi ndiyo niliyoivunja.

Nikapangiwa Riziki kwa sababu ya lugha. Ni mzaliwa wa Bukavu, Kongo, alikuja huku na shangazi yake akiwa mdogo, akasoma shule maalumu. Ana miaka ishirini na saba. Anakaa Ixelles, ghorofa ya tatu, juu ya saluni ya kusuka, na mwenzake Didier.

Didier ni Mbelgiji, mrefu, miwani minene. Naye ana ulemavu wa akili, na anafanya kazi karakana ya kufungasha bidhaa. Kitu kimoja kuhusu Didier: anajua mabasi na tramu zote za mji huu. Mtajie mtaa wowote, atakuambia upande nini, ushukie wapi, na kama barabara inachimbwa.

Mtoto wao anaitwa Exaucée. Ni jina la Wakongo, maana yake dua imejibiwa.

Ofisi ya ulinzi wa watoto ilikuwa inawafuatilia tangu mimba. Sharti lao lilikuwa moja: mtoto anakaa nyumbani maadamu anakua vizuri. Akiacha kukua, anapelekwa kwenye nyumba ya kulelea watoto wachanga. Riziki alilijua hilo kuliko anavyojua jina lake. Mimi ananiita Tantine, yaani shangazi. Kila nikiingia, kabla ya salamu:

"Tantine, ofisi wamesema nini?"

"Hawajasema kitu."

Anapiga kofi moja, "Bon!", tunaanza kazi.

Chupa ya maziwa ilituchukua wiki tatu. Maji tuliyawekea alama kwenye chupa kwa rangi yake ya kucha, nyekundu. Unga wa maziwa ulikuwa wa kopo la bluu, lenye kijiko kikubwa ndani yake. Anajaza, anasawazisha kwa mgongo wa kisu, anahesabu kwa sauti: "Un, deux, trois, basi!" Hiyo "basi" aliisema kama hakimu. Picha tano ukutani, kuanzia kunawa mikono hadi kudondoshea maziwa kwenye kifundo cha mkono.

Siku ya kwanza alipofanya yote peke yake, mimi nimesimama mikono nyuma, Exaucée akanywa hadi tone la mwisho akacheua kama mzee aliyetoka harusini. Riziki akamwambia, "Umeona, maman? Ni miye nimeitengeneza. Haiko Tantine."

Didier alikuwa mlangoni na koti lake. Nilishamfundisha neno moja la Kiswahili na alikuwa analitumia popote. Akanyanyua mikono juu: "Safi kabisa!"

Wale dada wa saluni chini nao wakalidaka. Mpaka leo nikipita wananisalimia, "Safi kabisa!"

Basi. Turudi tarehe 14.

Nilikaa ndani siku mbili, nyumbani kwangu Auderghem. Kazini nilimwambia Annick nina mafua. Sikutaka kupewa pole na mtu nisiyeweza kumweleza Zawadi alikuwa nani. Siku ya tatu ukimya wa nyumba ukanishinda, nikarudi kazini.

Asubuhi hiyo maziwa yalikuwa yanaisha. Nikaingia duka la dawa, kopo la bluu halikuwepo. Mfamasia akanipa la kijani, akasema ni zuri vilevile, nisome tu maelekezo. Nikasema asante. Sikusoma.

Riziki akalipokea, akaligeuzageuza.

"Tantine, hii boîte iko ya vert. Kwa ukuta iko ya bleu."

"Rangi si kitu, Riziki. Maziwa ni maziwa."

Akalifungua. Akatoa kijiko, akakiangalia kwa muda.

"Hii kakijiko iko kadogo."

"Ndivyo walivyokitengeneza. Weka vitatu kama kawaida."

Akaniangalia, akaangalia ukutani. Halafu akaweka vitatu, kwa sababu mimi ndiye mwenye kujua. Un, deux, trois. Safari hiyo hakusema "basi". Nilisikia kwamba hakusema, nikapuuza. Akili yangu ilikuwa Korogwe.

Wiki mbili zikapita hivyo. Exaucée akawa analia mapema baada ya kunywa.

"Iko na njaa," Riziki akaniambia.

Nami nikamjibu eti watoto wa umri huo wanapenda kunyonya tu. Wakuu, nilikuwa nakwenda pale asubuhi nne kwa wiki. Nilisimama pale, nikahesabu naye, nikamsifia.

Siku ya kupima uzito, nesi akamweka mtoto kwenye mizani, akamtoa, akamweka tena. Kwenye kadi, ule mstari uliokuwa unapanda ulikuwa umelala. Hakusema kitu kibaya. Alikuwa mpole ghafla, na huku mtu akiwa mpole ghafla jua kuna jambo.

Mtoto akalazwa hospitali, Woluwe. Manesi wakawa wanamlisha wao. Ndani ya siku tatu uzito ukapanda vizuri.

Hapo ndipo hatari ilipoingia. Kwenye karatasi ilionekana hivi: hospitali anakua, nyumbani hakui. Kikao kikaitwa Ijumaa, kuamua kama Exaucée anarudi kwao au anapelekwa kulelewa kwingine.

Jumatano nilikwenda kuwaona. Riziki alikuwa kwenye benchi la korido na mkoba mapajani. Didier amekaa pembeni yake kimya, na Didier kimya ni kitu cha kutisha.

"Watamubeba, Tantine?"

Nikakaa. Akaanza kutoa vitu mkobani, kimoja kimoja, ndivyo anavyofanya akiwa na wasiwasi. Kitambaa. Kile kikanda cha plastiki cha mkononi alichovishwa Exaucée siku ya kuzaliwa. Kifungo. Halafu kijiko kikubwa cha kopo la bluu.

"Hiki umekiweka cha nini?"

"Iko souvenir. Ya boîte yake ya kwanza."

Kisha akatoa kile kidogo cha kopo la kijani. Akakiweka ndani ya kikubwa. Kikazama chote, kama yai kwenye kikombe.

"Nilikuambia, Tantine. Iko kadogo."

Nilivichukua nikaenda kwenye sinki la korido. Nikajaza kidogo maji, nikamimina kwenye kikubwa. Nikajaza tena, nikamimina. Mara mbili, ndipo kikubwa kikajaa.

Alitakiwa kuweka sita. Mtoto alikuwa anakunywa maziwa nusu na maji nusu, wiki mbili, kwa amri yangu.

Nikarudi kwenye benchi, nikamrudishia vijiko vyake. Riziki akasema, "Uliniambia trois. Nikaweka trois." Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa ananieleza tu.

Nitawaambia nilichofikiria kwenye basi la kurudi, maana niliahidi ukweli. Nilifikiria kunyamaza. Sikumwambia hata Riziki pale kwamba nimeelewa. Nani angejua? Kopo lilikuwa jikoni kwake, mkono ulikuwa wake, na kila mtu alikuwa tayari kuamini kwamba ni yeye. Kibali changu kilikuwa bado ofisini. Kazi hii ndiyo inayonishikilia huku. Basi lilisimama vituo vitatu nikiwa nimeshaamua kunyamaza.

Kituo cha nne nikauona ule mkeka. Rangi zake, na ile kona iliyofumuka. "Mimi sijui, baba."

Nikashuka, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani. Nilipofika nikawa nimeamua kusema, na kusema palepale kikaoni, mbele ya wote. Lile la kwanza nililinyamazia mbele ya wote.

Ijumaa. Chumba kidogo cha hospitali, meza, birika la kahawa, bakuli la sukari. Alikuwepo mjumbe wa ofisi ya ulinzi wa watoto, kijana mstaarabu mwenye faili nene. Nesi wa wodi. Annick. Riziki na Didier, na mimi. Didier alikuwa amevaa tai.

Mjumbe akasoma taarifa. Akamgeukia Riziki, "Madame, kwenye chupa unaweka vijiko vingapi?"

"Vitatu."

"Kwenye kopo imeandikwa sita."

Riziki akaushika mkoba wake. Akaniangalia. Hakuninyooshea kidole, aliniangalia tu, jinsi anavyoangalia picha za ukutani akitaka kujua kinachofuata. Kalamu ya mjumbe ikaanza kuandika.

Nikasimama. Kwenye vikao vya huku hakuna anayesimama, lakini kwetu mtu anayetoa ushahidi anasimama.

"Mimi ndiye niliyemwambia vitatu," nikasema kwa Kifaransa changu cha kuokoteza. "Kopo nilileta mimi. Sikusoma. Picha sikubadilisha. Aliniambia kopo silo lile, nikamwambia maziwa ni maziwa. Aliniambia kijiko ni kidogo, nikamwambia aweke vitatu. Aliniambia mtoto ana njaa, nikabisha. Mara tatu alisema kweli, na mara tatu nilimnyamazisha."

Kalamu ikasimama. Annick alikuwa ananiangalia kama hanijui.

Mjumbe akauliza, "Kwa nini hukusoma maelekezo?"

"Mdogo wangu alikuwa amefariki siku tatu nyuma. Hiyo haiondoi kosa. Umeniuliza, nimekujibu."

Nikakaa. Nilidhani imekwisha, kumbe yule kijana alijua kazi yake. Akasema kwa upole, "Nashukuru. Lakini swali langu linabaki. Kesho mtu mwingine akileta kopo jingine, mtoto atakuwa salama?"

Ni swali la haki, wakuu. Hata mimi ningeliuliza.

Riziki akafungua mkoba. Akaweka vijiko viwili mezani, kikubwa na kidogo, akavuta bakuli la sukari na vikombe viwili vya kahawa. Kikombe cha kwanza akaweka vitatu vikubwa, kila kimoja anakisawazisha kwa kidole. Kikombe cha pili akaanza na vidogo, na Didier akawa anamhesabia kwa sauti ya tangazo la kituo cha treni. Moja. Mbili. Tatu. Hapo Riziki akasimama, akamwonyesha mjumbe: hiki nusu, hiki kimejaa. Halafu akaendelea. Nne. Tano. Sita. Vikombe vikalingana.

"Basi!" akasema Riziki.

"Safi kabisa!" akasema Didier.

Mjumbe akamuuliza Annick hiyo ni lugha gani. Didier akamjibu mwenyewe, kwa fahari, kwamba ni Kiswahili, na maana yake ni mambo yote yapo kwenye mstari. Nesi akacheka hadi akashika meza.

Lakini huyo nesi hakuwa wa mchezo. Akatoka, akarudi na kopo la wodini, jingine kabisa, na kijiko chake cha tatu, cha njano. Akaliweka mbele ya Riziki.

"Na hili? Utaweka vingapi?"

Riziki akakishika kile kijiko. Akakilinganisha na kikubwa, akakilinganisha na kidogo. Hakikufanana na chochote. Mimi nilikuwa naona maandishi ubavuni mwa kopo, jibu liko pale. Chini ya meza mikono yangu ikataka kuinuka. Nikaipeleka nyuma ya kiti, nikaishika.

Alichukua muda mrefu. Mjumbe akamwacha, na kwa hilo nampa heshima yake.

"Sijui," Riziki akasema. "Hii haina picha. Simpi mpaka mtu anionyeshe."

Nesi akaliondoa kopo mezani. Akamwambia mjumbe, "Laiti wazazi wote wangenijibu hivyo. Wengi wanakisia."

Wakatutoa nje. Dakika kumi hivi, Didier akanieleza njia tatu za kufika kwangu kutoka pale. Walipotuita, mjumbe akasema Exaucée anarudi nyumbani Jumatatu. Atapimwa uzito kila wiki kwa miezi miwili. Na mabadiliko yoyote ya maziwa yatapitia kwa Annick.

Riziki hakuelewa mara moja, sentensi ilikuwa ndefu. Akaniuliza, "Wanamubeba?"

"Hapana. Wewe ndiye unayembeba. Jumatatu."

Wakuu, yule dada alitoa kigelegele kwenye wodi ya watoto. Milango mitatu ikafunguka.

Annick alinisubiri kwenye korido.

"Ungeniambia jana."

"Ndiyo."

"Nitakuandikia barua ya onyo."

"Ndiyo."

"Na mafua yako yamepona?"

Hakusubiri jibu. Akasema, "Siku za msiba ni haki yako, mjinga wewe," akanikumbatia, na mimi tangu tarehe 14 nilikuwa sijalia, nikalia kwenye koti lake hadi likaloa bega.

Barua ya onyo nilipewa kweli. Ninayo, ilikuwa stahili yangu.

Jumatatu Annick akasema tuchukue teksi. Didier akakataa katakata. Alikuwa ameshaandaa safari usiku kucha na ana karatasi yake mfukoni. Tukapanda alivyotaka yeye, na kila gari tulilopanda aliwatangazia abiria: "Mabibi na mabwana, huyu ni binti yangu, anarudi nyumbani." Bibi mmoja mzungu akapiga makofi. Vijana wa shule wakampisha kiti. Tulipofika, dada wa saluni walikuwa nje, mmoja bado ana kitana mkononi, mteja wake kichwa nusu kimesukwa. Wakaimba hadi ghorofa ya tatu.

Kabla ya kuvua hata koti, Riziki akaenda ukutani. Akabandua picha ya kopo. Akaniambia nipige mpya, kopo la kijani na kijiko viko mezani mbele yake, vidole vyake sita vimenyooka. Tabasamu lake kwenye hiyo picha ni kubwa kuliko kopo.

Jioni hiyo nilimpigia simu Mwanaidi. Nikamweleza habari ya mkeka, yote, na jina langu ndani yake. Nikamwambia mama yake alikuwa anaweza. Hakutukana, hakulia. Alisema, "Sawa, mama mkubwa," akakata. Baada ya hapo nikimwandikia hajibu. Miezi minne.

Nilichojifunza ni kidogo, maana na mimi si mwepesi. Mtu asiyejua kusoma anaweza kuwa anaona kitu ambacho wewe msomaji hukioni, na akikuambia, usimjibu ukiwa unatembea. Simama. Na mwenye ulemavu wa akili akipewa muda na picha yake, anamlea mwanawe. Nimeona kwa macho, safari hii nimesema.

Kama kwenu kuna mtu kama Zawadi aliyezaa, tuambieni mlifanyaje. Mtoto alikaa naye au alichukuliwa? Na aliyechukuliwa, sasa ni mtu mzima, anasemaje? Anayetaka kunisema kwa lile kopo aniseme, nimeshazoea. Nitasoma kila jibu.

Namalizia na cha juzi Jumatano, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Nilikuwa kwa Riziki, anamwogesha Exaucée, ana miezi minane sasa, mnene kama mkate. Mimi mikono nyuma. Simu yangu ikaita, video. Mwanaidi.

Riziki akachungulia. "Ni nani?"

"Mtoto wa mdogo wangu."

"Ule wa Tanzania? Pokea basi, aone mutoto!"

Nikapokea, nikageuza simu kwenye beseni. Mwanaidi hakunisalimia. Aliangalia tu. Riziki akapima maji kwa kiwiko, akamshika mtoto shingo, akapitisha kidole nyuma ya sikio.

Mwanaidi akauliza, "Mama mkubwa, na mama alikuwa ananifanyia hivyo?"

"Hivyohivyo. Na alikuwa anakuimbia."

Riziki hakuwa anajua lolote la ule mkeka. Akainua uso, akaiambia simu, "Ngoja, nikuonyeshe na upande wa pili," akamgeuza Exaucée. Exaucée akapiga maji kwa mikono miwili, yakanirukia mimi na simu, simu ikazima.

Riziki anacheka hadi amekaa sakafuni, mimi naifuta simu kwa sketi yangu, naomba iwake.

Ikawaka. Mwanaidi alikuwa anapiga tena.